Nguruwe wa Kanada Hana Mafuta

Tulimzika Nyaboke mwezi uliopita, siku ya baridi kavu, na hata sasa nikifungua kabati la jikoni nasikia sauti yake ikiniuliza kama nimekausha sufuria au nimeziweka zikitiririka maji. Kutoka makaburini tulienda ukumbini: watu wa kanisa, watu wa kazini kwake, vijana wetu ambao wanaelewa Kiswahili na kukujibu kwa Kiingereza. Mchungaji akasimama, akasema kwamba katika miaka yote aliyoishi Toronto, Dada Nyaboke hakuwahi kulegeza hata sheria moja ya nyumba yake. Ukumbi mzima ukaitikia amina. Mimi sikuitikia. Wakanipa kipaza sauti kwa kuwa Nyaboke ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii, nikasema alikuwa mkarimu, alikuwa na imani, alinichukua kama mdogo wake, nikaketi. Dakika mbili. Mtu amenifundisha kuishi mjini, nami nampa dakika mbili! Lakini ningesema nini? Kwamba kuna mwaka nilijificha nyuma ya sheria zake nikamnyima mgonjwa kitu cha mwisho alichoniomba, na kwamba sasa nina miaka hamsini na saba na jambo lile halijaniacha? Watu walikuwa wamechoka, walitaka kula. Basi naliandika hapa.

Nyumba yenyewe ilikuwa Agincourt, mtaa wa pembezoni mwa Toronto, katika safu ya nyumba zilizoshikana bega kwa bega, nyuma ya maduka ya Wachina. Nyaboke ndiye aliyeikodi, na sisi wengine tulikuwa wapangaji wake. Yeye alilala chumba cha mbele chenye madirisha mawili. Mimi nililala cha kati, kidogo hivi kwamba nikitaka kufungua droo ilibidi kwanza nipande kitandani. Cha nyuma, kinachotazama uwanja wa kuegesha magari, kilikuwa cha Ofelia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Kisii na sanduku moja na cheti cha ualimu ambacho hakuna aliyekitaka, nikapata kibarua cha kupakia chupa za shampuu kwenye maboksi. Siku ya kwanza, hata koti sijavua, Nyaboke alinisimamisha mbele ya friji nisome karatasi aliyoibandika. Mistari mitatu ya kalamu nyekundu: nguruwe hapana, sigara hapana, mwanamume asipite sebuleni. "Ukipata mwanamume mkutane huko nje kwenye theluji," akaniambia. "Akivumilia mpaka mwezi wa tatu, huyo ni wako." Alikuwa mwanamke wa kifua kipana na miguu iliyovimba kwa kusimama, mtunzaji katika makao ya wazee, Msabato wa kuzaliwa kama mimi. Ijumaa jua likizama jiko lilizimwa, na mpaka Jumamosi jioni tulikula vilivyopikwa jana yake. Kwangu hizo hazikuwa sheria, hayo ndiyo maisha niliyoyajua. Nguruwe sikuwa nimewahi hata kumgusa. Utotoni tulikuwa tukipita karibu na boma la jirani aliyefuga nguruwe tukiwa tumeziba pua, tukishindana nani atashikilia pumzi mpaka kwenye kona.

Ofelia alikuwa Mmeksiko, mjane wa miaka sitini na ushee, mfupi, mwenye msuko mmoja wa mvi uliofika kiunoni. Yeye na shoga yake Chelo walikuwa wakisafisha ofisi huko Don Mills, wakianza alfajiri kabla wenye ofisi hawajaamka. Hakujaliwa mtoto. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, changu cha vitabuni, kwa hiyo tulikutana katikati na mikono ikatusaidia. Kuanzia wiki ya kwanza aliniita mija, yaani binti yangu, kwa lugha yake. Sikujua nilivyokuwa na njaa ya kuitwa hivyo mpaka nilipoitwa. Wakati mwingine nilikuwa nikishuka jikoni bila shida yoyote, nafungua friji nafunga, ili tu aseme, "Mija, unatafuta nini?"

Jumapili jiko lilikuwa lake. Alikuwa na mchuzi mmoja wa kwao ambao aliupika kila alipopata pilipili kubwa za kijani, zile zenye urefu wa kiganja ambazo hazina ukali wa kutisha. Alizilaza moja kwa moja juu ya koili ya jiko mpaka ngozi ikaungua nyeusi na kuvimba malengelenge. King'ora cha moshi kilikuwa hakichelewi, nami nilikuwa napanda juu ya kiti nikikipepea kwa taulo, huku Nyaboke akipaza sauti kutoka juu, "Nyinyi! Mnachoma pilipili au mnanichomea nyumba?" Kisha Ofelia alizifunga kwenye mfuko wa plastiki zitoe jasho, akazimenya kwa vidole. Siku moja niliona zinanichelewesha nikazipeleka kwenye mfereji, akanidaka mkono. "Ukiziosha umemwaga kila kitu! Umebaki na majani!" Zilikuwepo pia nyanya zake za kijani, si nyanya mbichi kama zetu, bali aina nyingine kabisa inayokuja imefungwa ndani ya ganda kama karatasi, kama yale matunda ya porini tuliyokuwa tukichuma njiani kwenda shule. Alizichemsha mpaka rangi ikafifia, akazisaga kwenye blenda pamoja na pilipili, kitunguu saumu na dania. Nyama aliikata vipande, akaikaanga mpaka ikashika rangi, akaongeza kitunguu na bizari nyembamba, ndipo akamimina ule mchuzi wa kijani juu yake na sufuria nzima ikapiga kelele. "Ikilia hivyo imekubali," alikuwa akisema. Halafu moto mdogo, na subira. Tuliula kwa vichapati vya mahindi alivyovipasha juu ya koili na kuvigeuza kwa vidole vitupu, na mimi mtoto wa ugali, harufu ile ya mahindi yaliyoungua kidogo ilinifanya ninyamaze.

Nyama aliyopikia ilikuwa kuku, kwa sababu ya karatasi ya kwenye friji. Kila Jumapili, baada ya kijiko cha kwanza, alitikisa kichwa na kutoa hukumu ileile: "Nzuri. Lakini kuku hapa ni mgeni tu. Mwenye nyumba ni nguruwe." Naye Nyaboke, akijipakulia mara ya pili, alijibu, "Mgeni tumemkaribisha. Mwenye nyumba alale nje." Tukacheka sote watatu. Nikiukumbuka mwaka ule, hiyo ndiyo sehemu pekee ninayoweza kuikumbuka bila kujikunja, zile Jumapili za kiangazi, mlango wa nyuma uko wazi, Nyaboke amevua soksi zake za kubana miguu na kuzitundika kwenye kiti. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Ofelia alitii sheria ya nyumba kwa kununa kidogo, Nyaboke alikula chakula cha Wakatoliki kwa furaha nyingi, na mimi nilidhani hivyo ndivyo watu wazima wanavyoishi, kila mmoja na mpaka wake, wala hakuna siku ambayo mpaka huo utamuua mtu.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwezi wa kumi koti la Ofelia lilianza kumpwaya. Akasema ni kazi. Akaacha kahawa, akaacha vichapati vyake, akasema ni meno. Asubuhi moja tukiwa mezani Nyaboke alimtazama usoni, akainuka, akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba kama anavyowafanyia wazee wake. Jicho lilikuwa la manjano. "Leo huendi kazini," akasema. "Leo unaenda na mimi." Ilikuwa ini, na si ini peke yake tena. Walimlaza, wakamchoma sindano, wakampiga picha za kila aina, na baada ya mwaka mpya wakamrudisha nyumbani na mfuko wa dawa za maumivu, kwa kuwa hawakuwa na la zaidi. Nesi wa mtaa alikuja asubuhi. Nyaboke alikuwa tayari ameshamwogesha na kumbadilishia shuka, kabla ya kwenda kufanya kazi hiyohiyo kwa wengine siku nzima. Mimi nilitoka kiwandani saa tisa mchana, kwa hiyo jioni zilikuwa zangu. Chumba kile cha nyuma kilikuwa na kitanda, kiti kimoja, kalenda ya Bikira Maria, na harufu ambayo dirisha halikuiondoa hata tulifungue vipi. Nilimlisha uji, ukarudi. Nilimpa maji kwa kijiko, nikamsugua miguu, nikamsomea majina ya maduka kwenye karatasi za matangazo kwa sababu alipenda kusikia bei za mboga. Siku moja nikiwa nimesimama kwenye ngazi na beseni mkononi nilimsikia nesi akimwambia Nyaboke mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba tusihesabu miezi, tuhesabu wiki.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili aliamka na macho maangavu. Nesi alikuwa ameshanieleza kwamba siku kama hiyo huja, tusidanganyike. "Mija," akaniambia, "nina hamu." Nikafurahi nusura nipige kigelegele, mtu ambaye hajataka kitu siku ngapi! Hamu ya nini? Akasema nguruwe. Nguruwe kwa pilipili za kijani, bega la nguruwe lenye mafuta yake, si kuku, si mgeni. Mara moja tu. Kijiko kimoja. "Karatasi ya friji naijua," akasema. "Lakini Jumapili hii Nyaboke anaingia kazini. Tutafungua madirisha, tutaosha sufuria mara tatu." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mabega mpaka kikapita. "Utanipikia?" Nikasema nitakupikia. "Nguruwe?" Nikasema nguruwe, haki ya Mungu. Niliapa kwa jina la Mungu juu ya nguruwe, mimi binti wa mzee wa kanisa. Akalala akiwa anatabasamu.

Ijumaa Nyaboke alikuwepo. Jumamosi tulikaa naye benchi moja kanisani asubuhi nzima, bega langu likigusa lake, tukala pamoja maharage baridi mchana. Kumwambia kulihitaji sentensi moja tu. Sikuisema. Nilijiambia namwonea huruma, nisimtie kwenye majaribu, mwanamke mcha Mungu na nyumba ni yake. Eti namlinda! Watu tunajua kujidanganya jamani.

Jumapili asubuhi nilipanda mabasi mawili mpaka duka la Walatini, nikapata pilipili, nikapata zile nyanya zenye ganda, nikarudi mpaka supamaketi ya Wachina karibu na nyumbani, kwa sababu kila mtu Agincourt alijua hapo ndipo penye nguruwe mzuri. Unachukua namba kwenye mashine, unasubiri. Yangu ilikuwa themanini na tatu. Mbele yangu mwuzaji aliyevaa buti za mpira aliweka bega zima juu ya meza ya kukatia, ngozi juu, nyeupe, ina vinyweleo, na ngozi ile ilifanana na ya mtu. Nilikuwa nimemwogesha Ofelia mgongo siku mbili kabla. Wakaita themanini na tatu. Wakaita tena, na yule mwuzaji akaangalia huku na huku, kisu mkononi. Mama mmoja akaniangalia karatasi yangu akanisukuma kidogo, kwa wema, niende. Nikatikisa kichwa. Nikaondoka, nikaenda kwenye rafu za baridi, nikachukua mapaja ya bata mzinga. Nyama yake ni nyeusi nyeusi, ina nyuzi, ikipikwa sana inaachana. Njiani nilijitetea kama wakili. Mgonjwa ulimi wake umeshakufa. Mgonjwa anataka upendo, hataki nyama. Pilipili zitafunika. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshajisamehe.

Na nilipika, jamani. Hilo hakuna anayeweza kuniondolea, wala halinisaidii kitu. Nilichoma pilipili mpaka king'ora kikalia, nikapanda kitini na taulo, na kutoka chumba cha nyuma nikasikia sauti nyembamba ikisema, "Usizioshe!" Sikuziosha. Nilimenya kwa vidole mpaka kucha zikaniwasha. Niliongeza mafuta ya kupikia zaidi ya kawaida kwa sababu bata mzinga ni mkavu, nikaongeza chumvi, nikamimina mchuzi, ukalia. Saa tatu nzima moto mdogo, nikikoroga, nikipeleka kifuniko cha sufuria chumbani kwake kila nusu saa anuse ule mvuke. Kila mara alifumba macho, akavuta pumzi, akasema, "Bado." Mara ya mwisho akasema, "Sasa."

Nilimwinua kwa mito miwili. Nikaketi kwenye kile kiti na bakuli. Kijiko cha kwanza alikipokea mdomoni akakishikilia humo, hakutafuna. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena, na nimezaa, nimezika, nimeachwa na mume. Haikuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua ambayo tayari alikuwa anajua imeandikwa nini. Kisha akatafuna polepole, akameza, na nikaona koo likimuuma. "Nzuri, mija," akasema. "Lakini nguruwe wa Kanada hana mafuta." Hapo alikuwa amenifungulia mlango, na mtu yeyote mwenye roho angepita. Ningesema, Ofelia, nisamehe, niliogopa. Nikasema, "Ndiyo. Wa hapa hana mafuta." Akatikisa kichwa taratibu. Akafungua mdomo nimpe kijiko kingine. Alikula vijiko saba. Mtu ambaye maji yalikuwa yakimshinda alikula vijiko saba vya bata mzinga, kila kimoja akikimeza kwa kazi, jasho likimtoka juu ya mdomo, nami nikiendelea kumpa kwa sababu kusimama kungekuwa kukiri. Baadaye alitapika vyote. Nikampangusa, nikambadilishia nguo, nikaosha sufuria mara tatu, kama tulivyopanga.

Kesho yake Chelo alikuja kumwona. Chelo alikuwa mwanamke mkubwa, sauti kubwa, mikono iliyopasuka kwa dawa za kusafishia. Walikaa ndani wamefunga mlango, nikasikia Kihispania kikienda na kurudi, nikasikia jina langu. Alipotoka alinikuta kwenye korido na nguo za kufua. Akanikumbatia mpaka nguo zikaanguka. Akalia begani kwangu. Akasema Ofelia amemweleza kila kitu: kwamba msichana wa Kiafrika, ambaye dini yake inamkataza, amevunja mwiko wake akampikia nguruwe, na kwamba mchuzi ulikuwa sawasawa na wa kwao, kwamba tangu atoke kwao hajaula mwingine kama huo. "Mungu atakulipa," Chelo akaniambia. "Umemrudisha nyumbani." Nami nilifanya nini? Nilisema asante. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu Ofelia alikuwa akiirefusha kwa mkono wake mwenyewe, akiwa kitandani, bila nguvu ya kushika kikombe.

Hakuomba chakula tena. Siku nne baadaye alianza kulala zaidi ya kuamka, na mimi kila asubuhi nilijiambia leo nikitoka kazini nitapitia kule kwa yule mwuzaji wa buti za mpira, nitanunua, nitapika, nitamwambia. Jumanne nikiwa kwenye basi nilikuwa nimeshaamua. Nilipofika nyumbani Nyaboke alikuwa ameketi kwenye ngazi na koti lake la kazini, hakwenda kazini, na nikajua.

Walipomaliza kumchukua tulibaki sisi wawili jikoni. Simu ikalia, alikuwa Chelo, akilia, akiuliza siku tisa za kumwombea Ofelia zitafanyikia wapi kwa kuwa kwake ni chumba kimoja, na katika kulia kwake akanishukuru tena kwa ule mchuzi wa nguruwe, Kiingereza na Kihispania pamoja, kwa sauti ambayo hata aliye mbali na simu angeisikia. Nilipokata, Nyaboke alikuwa ananitazama. Alikuwa amekaa na Ofelia miaka minane, Kihispania cha jikoni alikijua kuliko mimi. "Ulimpikia nguruwe hapa?" akauliza. Nikasema hapana. Nikamweleza yote: hamu, kiapo, namba themanini na tatu, bata mzinga, vijiko saba. Nilimaliza kwa kusema, "Ningefanyaje, Dada? Sheria ya nyumba ni yako."

Nilitegemea anikemee kwa kiapo, au anisifu. Aliketi kwanza. "Kerubo," akasema, "ulinijia lini ukaniuliza, nikakataa?" Akaendelea: "Hebu nikuulize. Unadhani kule kazini wazee wa Kizungu wanakula sukuma? Kila wiki ni nguruwe. Naisaga ile nyama, naipuliza ipoe, nawalisha kwa kijiko, nawapangusa midomo kwa mkono huu. Huu! Halafu narudi nyumbani nasali nalala." Aliunyoosha ule mkono mezani. "Ile karatasi ni ya sisi wazima, wenye nguvu za kwenda kula kwingine. Mtu anakufa, msichana wee! Mtu anakufa! Ungeniuliza ningeibeba hiyo nyama kutoka dukani mimi mwenyewe." Kisha akasema jambo ambalo sikulipenda siku ile wala silipendi leo: "Na usiseme uliniogopa. Hukuniogopa. Ulikuwa na kinyaa, ukatafuta pa kukiweka, ukakiweka kwangu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimetaka kuwa mwema kwa Ofelia na msafi mbele za Mungu kwa sufuria moja, bila kutoa chochote, na nilipoona haiwezekani nikachagua usafi wa mikono yangu.

Nyaboke aliwakaribisha Chelo na wenzake. Siku tisa nyumba ya Wasabato ilijaa rozari, wanawake wa usafi wakija kutoka kazini mchana na sketi zao nyeusi. Siku ya tisa, ambayo ni ya chakula, Nyaboke alivaa koti akaniambia, "Twende." Tulienda supamaketi. Safari hii namba ilipoitwa alijibu yeye. Bega zima. Nyumbani aliliweka juu ya ubao akalikata bila glavu, mafuta yakimng'aa mpaka kwenye viwiko, akinisomesha kama mwanafunzi: vipande vikubwa, usitoe mafuta, mafuta ndiyo alitaka. Mimi nilichoma pilipili. Jikoni palinuka kitu ambacho sikuwa nimewahi kukinusa, kizito, kitamu, na aibu yangu ilikuwa kwamba kilikuwa kitamu. Wageni walifika, wakasali, wakapakuliwa. Sisi wawili hatukula, tulisimama karibu na sinki na taulo mikononi. Wale wanawake walikula kimya mwanzoni, kisha wakaanza kulia na kula pamoja, wakisema jina la Ofelia.

Chelo akasimama na bakuli lake. Akawaambia wenzake, kisha akarudia kwa Kiingereza ili nisikie, kwamba shoga yake hakufa na njaa ya kwao, kwamba huu mchuzi tunaokula ndio aliokula, mikono ni hii hii. Akaninyooshea kidole kwa mapenzi. Wote wakageuka kunitazama. Nyaboke, pembeni yangu, hakuniangalia. Aliendelea kukausha sahani moja ambayo ilikuwa imeshakauka.

Nikasema, "Sio huu." Sauti ilinitoka ndogo, nikairudia. "Sio huu aliokula. Niliogopa kugusa nguruwe. Nilimpa bata mzinga, nikamwambia ni nguruwe."

Mmoja wao aliwatafsiria wengine. Vijiko vikasimama. Chelo hakukaa. Alijaribu kuweka mambo mahali pake.

"Yeye alijua?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sijui. Hakuna ambaye angenibisha. "Alijua," nikasema. "Kuanzia kijiko cha kwanza."

Chelo aliweka bakuli mezani, bado nusu. Akachukua koti lake kwenye kiti, akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni, polepole, kama mtu ambaye vidole vimeganda.

"Mimi nilikuwa rafiki yake miaka kumi na tano," akasema. "Siku ile nilipokuja kumwona ndiyo mara ya mwisho tulipoongea. Nilimwuliza ana maumivu gani, anaogopa nini, ana neno gani la kuniachia. Na saa nzima alinisimulia wewe ulivyopika."

Akatoka. Wengine walimaliza chakula chao, kwa adabu, na wakatushukuru.